Kabla ya Maji

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja uliochanwa kutoka daftari la shule, lile la mistari ya buluu, na ilikuwa imekunjwa mara nne. Mama aliitoa kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda, akaiweka mezani kati ya chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu, akanikataza kuigusa.

"Ngoja mikono ikauke kwanza."

Ilikuwa Agosti 2023. Nilikuwa nimefika Kebirigo siku mbili kabla, baada ya miaka minne nje. Baba alikuwa ametuacha mwaka 2021 na mimi nilimzika kwa simu, nikitazama kaburi kwenye kioo kidogo kilichokuwa kikikwama kila dakika. Kwa hivyo hii ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mezani pale bila yeye, na kitu cha kwanza tulichofanya ni kufungua karatasi yake.

Mwaka 1974 baba alinunua kipande cha shamba kutoka kwa jirani. Waliandikiana kwa kalamu ya wino: bei ni ng'ombe mmoja na pesa kiasi fulani, mashahidi watatu, alama za vidole gumba. Mpaka ulielezwa hivi: kuanzia mkaratusi ulio karibu na kijito, kupanda juu hatua kadhaa. Hatua ngapi? Hapo ndipo karatasi ilipokunjwa, na hapo ndipo ilipokatika. Mahali penye namba pamegeuka kuwa ungaunga wa kahawia. Mama alikuwa ameuhifadhi hata huo unga ndani ya bahasha ya benki, kana kwamba siku moja utaweza kusomwa.

Tatizo lilikuwa safu tatu za chai. Baba alizipanda baadaye, upande wa juu, na wajukuu wa yule jirani walikuwa wanasema hizo tatu ziko kwao. Asubuhi moja walikuja kuchuna majani pale kabla hakujapambazuka vizuri. Kaka yangu aliwakuta. Panga lilitolewa, ingawa Mungu alisaidia halikutumika. Tangu siku hiyo, watu waliokuwa wakipanga foleni moja kwenye kituo cha kupimia majani walikuwa hawasalimiani.

Kaka aliigeuza karatasi ile kwa ncha ya kijiko. "Wewe si ndiye mwanakemia? Rekebisha hii kitu tuende nayo kortini."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Na kitu ambacho sikumwambia ni kwamba kemikali ninayoifanyia kazi kila siku iliwahi kutengenezewa mtambo mzima kwa ajili ya kuokoa karatasi kama ile.

*

Inaitwa daiethilizinki. Ni kimiminika kisicho na rangi, ukikiona ndani ya chupa utadhani ni maji, na hilo ndilo kosa baya kabisa unaloweza kufanya. Siku yangu ya kwanza kwenye maabara, huko Ujerumani, msimamizi wangu alivuta kiasi kidogo kwa sirinji akaacha tone moja lining'inie kwenye ncha ya sindano hewani. Likatoa moshi mweupe, kisha likawaka. Hakusema kitu. Alituangalia tu mmoja mmoja kuhakikisha kila mtu ameona.

Zinki yenyewe tunaijua sote. Ndiyo inayopakwa kwenye mabati ili chuma kisishike kutu. Ndiyo wanayopewa watoto wakiharisha, pamoja na ORS. Ndiyo iliyomo kwenye kalamaini ya waridi tuliyopakwa tulipougua tetekuwanga. Zinki iliyomo kwenye dawa hizo ni mpole kwa sababu imeshapata inachokitaka: imeshikamana na oksijeni, imetulia.

Kwenye daiethilizinki mambo ni tofauti. Atomu moja ya zinki imeshikwa pande mbili na vipande viwili vya kaboni na haidrojeni, viitwavyo ethili. Hebu vifikirie kama mikono miwili. Kaboni ile inayogusa zinki haijaridhika pale ilipo. Inatafuta haidrojeni, na ikiipata inaachia zinki mara moja. Maji yana haidrojeni mbili zilizoshikwa na oksijeni. Basi vikikutana, mkono wa kwanza unachukua haidrojeni na kuondoka kama gesi ya ethani, oksijeni inaikamata zinki, kisha mkono wa pili nao unafuata. Kinachobaki ni unga mweupe, haidroksidi na oksaidi ya zinki, ndugu wa ile ya kalamaini. Mwisho wake ni mpole kabisa. Shida iko njiani: joto linalotoka ni kubwa, linatoka kwa ghafla, na gesi iliyozaliwa papo hapo inakutana na hewa. Moto.

Nilipomweleza mama jambo hili kwa simu mwaka wa kwanza, alinyamaza kidogo.

"Amache?" akauliza. "Amache si ndiyo huzima omorero?"

"Kwa hii, mama, maji ndiyo huwasha."

"Basi hiyo si kitu ya Mungu," akasema, tukacheka.

*

Mtu wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa kijana Mwingereza, Edward Frankland. Mwaka 1849 alikuwa na miaka 24, akifanya kazi kwenye maabara ya Robert Bunsen mjini Marburg. Alikuwa amefungia zinki na aidodi ya ethili ndani ya mrija wa kioo uliozibwa na kupashwa moto. Hakuwa akitafuta daiethilizinki. Alitaka kuipata ethili peke yake, bila mwenza. Alipotia maji kidogo kwenye mabaki ya mrija, ulimi wa moto wa kijani na buluu ukaruka kutoka ndani, mrefu kuliko mkono wa mtu, na harufu mbaya ikajaa chumbani.

Bunsen aliingiwa na hofu. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa ajili ya michanganyiko ya arseniki, na alidhani kijana wake ameshavuta sumu hiyohiyo. Wakalichunguza doa jeusi ambalo moto ule uliliacha kwenye kaure. Haikuwa arseniki. Ilikuwa zinki.

Kutokana na kazi hiyo Frankland alikuja kueleza, mwaka 1852, kwamba kila atomu ina idadi yake ya mikono, wazo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha pili Kenya alikuwa akilikariri bila kuambiwa lilitoka wapi. Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni maisha yake ya baadaye. Kuanzia miaka ya 1860, mtu huyu aliyewasha moto kwa maji alikuwa akipima maji ya kunywa ya jiji la London, mwezi baada ya mwezi, ili watu wasife kwa kipindupindu na homa ya matumbo.

*

Sasa niseme kuhusu kovu langu, maana mama aliliona kabla hata sijaweka begi chini.

Kazi ikiisha, daiethilizinki iliyobaki lazima iuawe. Huwezi kuimwaga, na huwezi kuiacha ikae. Utaratibu ni huu. Kwanza unaichanganya na kiyeyushi kisicho na maji, kingi, ili iwe nyepesi. Unaiweka kwenye barafu, chini ya nitrojeni. Halafu, tone kwa tone, unaongeza pombe. Si pombe yoyote: unaanza na isopropanoli, ambayo ina mwili mnene na huikaribia zinki polepole. Ikishatulia unaongeza methanoli, iliyo nyepesi na kali zaidi. Maji huja mwisho kabisa, wakati hakuna tena cha kugombania.

Sababu ni kwamba pombe nayo ina haidrojeni ile inayotakiwa, lakini ni moja tu kwenye oksijeni yake, na upande wa pili imebeba mzigo wa kaboni. Ukiipima vizuri, pombe inaondoa mkono mmoja tu. Mkono wa pili unabaki umeshika zinki, na pombe inakaa upande ule mwingine. Kitu kinachopatikana si kile cha mwanzo wala si unga mweupe wa mwisho. Molekuli hizo hupenda kukusanyika nne nne, zikatengeneza umbo la mchemraba, zinki na oksijeni zikipokezana kwenye pembe. Zikishakaa hivyo, mkono uliobaki hauna tena haraka ya kuondoka. Utaondoka ukiongezewa pombe nyingine, au maji mwishowe, lakini bila kelele.

Siku ile nilikuwa na basi la kuwahi. Niliongeza isopropanoli, nikaona mapovu yamepungua, nikajiambia yatosha. Nikaruka hatua ya kati nikatia maji. Sikumbuki sauti, nakumbuka mwanga. Kioo kilivunjika, glavu ikashika moto, na leo nina kovu linaloanzia kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Mapovu yalikuwa yamepungua kwa sababu kitu kilikuwa baridi, si kwa sababu kilikuwa kimekwisha.

Mama alilishika kovu lile kwa muda mrefu. Yeye ni Msabato, hajawahi kuonja hata busaa. Alipoelewa utaratibu akatikisa kichwa.

"Kwa hivyo ni pombe ndiyo ingekuokoa."

"Ndiyo, mama."

"Usimwambie pasta."

*

Na ile habari ya karatasi? Inaanza na ukweli kwamba karatasi nyingi tangu karne ya 19 zilitengenezwa kwa massa ya mbao na kutiwa shabu ili wino usisambae. Shabu ikikutana na unyevu hutoa asidi, na asidi hukatakata nyuzi za selulosi kidogo kidogo hadi ukurasa unakuwa wa kahawia na kuvunjika kama jani kavu. Kisii ni nchi ya mvua. Chai inaipenda, karatasi haiipendi.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa na mamilioni ya vitabu vyenye ugonjwa huo. Wanakemia wake wakaja na wazo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni mzaha: kuvitibu vitabu kwa daiethilizinki. Unaviweka kwenye chemba, unaondoa hewa, unavikausha hadi unyevu karibu wote umetoka, kisha unaingiza mvuke. Mvuke unapenya hadi katikati ya kitabu kilichofungwa, unaimaliza asidi, na unaacha nyuma oksaidi ya zinki kidogo ndani ya kila ukurasa, akiba ya kupambana na asidi ya kesho.

Kikemia, wazo lilikuwa sahihi. Walilifanyia majaribio kwenye kituo cha NASA cha Goddard, jimbo la Maryland. Desemba 1985 kukatokea moto. Februari 1986 kukatokea mlipuko, na mtambo ule ukaishia kubomolewa. Kazi iliendelea Texas kwa miaka kadhaa, ikasimama mwaka 1994, na baadaye maktaba ikachagua njia ya oksaidi ya magnesi, ambayo haiwaki.

Nilimsimulia kaka haya yote tukiwa tumesimama kwenye zile safu tatu. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hivyo huwezi," akasema.

"Siwezi. Hata ningeweza, unga haurudi kuwa namba."

"Basi twende korti. Wakili amesema tuna nguvu."

"Amesema itachukua muda gani?"

Hakujibu. Aling'oa magugu mawili matatu. Wakili alikuwa amesema miaka.

*

Mama ndiye aliyekataa korti, na ndiye aliyekataa pia kuitisha kikao cha wazee mara moja kama nilivyopendekeza mimi. Nilikuwa na tiketi ya kurudi na nilitaka jambo limalizwe Jumapili. Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu.

"Wewe bado una haraka," akasema.

Alichofanya ni kuchukua kilo mbili za sukari na majani ya chai akaenda, peke yake, kwa mjane wa yule jirani. Magokoro yule alikuwa amepita miaka themanini, na alikuwa kwenye nyumba ile siku karatasi ilipoandikwa. Walikuwa hawajazungumza tangu asubuhi ya panga. Mama alikaa huko mchana mzima. Aliporudi tukamuuliza wamesema nini kuhusu shamba.

"Hatujataja shamba."

Kesho yake magokoro alimtuma kitukuu na ndizi. Siku ya tatu mama akarudi, na mara hii akanichukua. Tulizungumza habari za magoti yake, bonasi ya chai, na mvua. Karibu na kuondoka, magokoro mwenyewe ndiye aliyeanza. Alisema anaikumbuka siku ile. Wanaume walihesabu hatua kwa sauti, wakashuka, wakaandika, kisha mvua kubwa ikawanyeshea kabla wino haujakauka. Wakakimbilia jikoni kwake. Mumewe akaishika karatasi juu ya moto ili ikauke, ikakaribia kuungua pembeni.

"Namba?" niliuliza.

"Namba siikumbuki, mwanangu. Nakumbuka walivyocheka."

Kurudi nyumbani niliitoa karatasi nikaitazama upya. Pembeni palikuwa na alama ya kahawia iliyokolea kuliko kwingine. Nilikuwa nimeiona mara kumi nikidhani ni uzee.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, pale pale shambani, wazee wanne, chifu msaidizi, kaka yangu na wale vijana watatu. Nilibadilisha tiketi na ikanigharimu. Sitadanganya kwamba watu walikumbatiana. Kulikuwa na maneno makali, na wakati mmoja kaka aliondoka akaenda kusimama karibu na kijito. Lakini magokoro alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya safu, mama pembeni yake, na kila mara sauti ilipopanda mmoja wao alikuwa akiomba kitu: maji ya kunywa, shuka, mtu amsogeze kivulini. Vijana wake walilazimika kunyamaza ili wamhudumie. Niligundua kuchelewa kwamba hakuwa na kiu.

Walikubaliana hivi. Safu ya juu kabisa iende kwao. Mbili zibaki kwetu. Kati yao pawe na njia ya mguu ambayo watu wa nyumba zote mbili watapita wakipeleka majani. Kaka hakufurahi. Hao vijana nao hawakufurahi. Kwa hesabu ya haki, sijui kama ilikuwa sawa, kwa kuwa hakuna aliye hai anayeijua ile namba. Ila jioni ile nilimwona kaka akimwonyesha mdogo wao jinsi shina moja lilivyoanza kuugua, na yule kijana akainama kuangalia.

*

Makubaliano mapya yalipigwa chapa kwenye saiba sokoni Kebirigo, kurasa mbili, nakala nne. Nikiwa nasubiri mashine, niligeuza pakiti ya karatasi nikasoma. Ilikuwa karatasi ya kawaida ya fotokopi. Siku hizi karatasi nyingi za aina hiyo hazitiwi shabu tena. Hutiwa chokaa ndani yake, na chokaa huimaliza asidi yenyewe, bila chemba wala moto. Kile ambacho watu walihatarisha mtambo mzima kukitafuta, mimi nilikinunua kwa shilingi kumi kila ukurasa.

Nilimpa mama nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki. Akaisoma yote kwa sauti, akihesabu hatua kwa kidole, maana safari hii tuliandika hatua kwa namba na kwa maneno pia. Kisha akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Nilidhani atatoa ile ya zamani. Hakuitoa. Aliiweka mpya juu yake, na ile bahasha yenye unga akaisukuma kwenye kona.

"Mama, hiyo haina kazi tena."

"Hiyo ina mkono wa baba yako," akasema. Akafunga sanduku.

Halafu akakumbuka jambo. "Ile dawa yako. Ungeitia kwenye hii ya zamani, ingepona?"

Nilifikiria kuhusu Agosti ya Kebirigo, unyevu uliomo ndani ya kila kitu, hata ndani ya karatasi ile iliyoonekana kavu kama nini.

"Kwanza ningelazimika kuikausha sana," nikasema. "Polepole. Kwa siku nyingi."

"Siku ngapi?"

"Nyingi kuliko nilizobakiza."

"Basi wacha ikae," akasema. "Utakuja tena."